Mkanda wa Ta Anatori na Boksi Lenye Sahihi Yangu

Bilele, Bukoba
Jumatatu, mvua imekatika kidogo

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii ikikufikia hapo Masasi, mikono yako ikiwa bado myeusi kwa maganda ya korosho, jua kwamba mwanao Festo ni mzima na kitambi kimeanza kuheshimika. Je, lile goti? Bati la jikoni walishalipigilia, au bado unapika na mwavuli? Nimeandika kwa karatasi kwa sababu jirani yako simu anaiweka spika, na haya sitaki mtaa mzima uyasikie kabla yako.

Ngoja kwanza nijisifu, maana nisipojisifu utadhani naumwa. Mimi niliyeishia darasa la saba, nikala vumbi la Tunduma, nikala la Kahama, huku Bukoba naitwa Daktari wa Feki. Mtu akinunua spea, kabla hajaifunga anakuja gereji niishike. Nafumba macho, nawaambia waninyamazie. Spea ya kweli, hata kama siyo ya wale walioliunda gari lenyewe, ina uzito wake, kingo zake zimekatwa safi, maandishi hayatoki hata uyasugue kwa kidole chenye oili. Feki inanuka kandambili mpya. Mama, siku moja alikuja dada mmoja anayeleta dagaa kutoka visiwa vya Muleba, kashika chujio la oili. Nikalitikisa sikioni kwangu, nikamwambia mbele ya watu, "Dada, hili ni kopo la maharage. Kitunguu umekiacha wapi?" Gereji nzima ikacheka. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini boksi lilikuwa zuri." Hapo tukacheka mara ya pili. Alikaza kitenge chake akaondoka, na injini yake sijui iliishia wapi.

Sasa hilo boksi. Kila spea ya kweli niliyofunga, boksi lake niliandika aina ya gari na kilomita, chini nikatia ile sahihi yangu yenye mkia, nikalitundika ukutani. Ukuta wangu ulijaa kama kanisa lenye picha za watakatifu. Wateja walikuwa wakiingia tu wanatazama ukuta, wanapoa.

Basi akaja jamaa mmoja wa spea, mpole, mwenye manukato. Akasema anataka yale maboksi matupu, eti apambe duka. Mama, wewe sikudanganyi. Nilijua. Boksi tupu la spea ya kweli halipambi duka, linavishwa feki. Nilijua, nikamtania, "Chukua, ila ukipata utajiri unikumbuke." Nilimuuzia ukuta wote. Sahihi zangu hata sikuzikwangua, nilikuwa na haraka, nilikuwa nataka godoro. Ni lile godoro nililokusifia, utakalolalia ukija kwenye harusi yangu.

Nisikilize sasa, na ukae chini.

Ta Anatori, baba yake Koku wangu, ana pikapu moja kuukuu, analima migomba na kahawa kule Izigo. Wahaya mzee wanamwita Ta kwa heshima. Huyu mzee alinipokea mimi, mtu wa kuja, mtu wa korosho, wakati shemeji zake walisema Koku ameokota mkia wa nchi. Yeye akasema, "Mkia ndio unaofukuza nzi." Akanipa kahawa kavu ya kutafuna, ile wanayompa mgeni waliyemkubali.

Wiki tatu zilizopita pikapu ilikuwa inahitaji mkanda wa taimingi, ule wa ndani ya injini unaozifanya pistoni na vavu zisigongane. Mzee hakuniambia. Akaenda Muleba, akanunua mwenyewe, fundi wa pale kijijini akamfungia. Siku ya nne amepakia mikungu ya ndizi anakuja nayo sokoni Bukoba. Kwenye mteremko mkanda ukakatika. Injini ikazima, usukani ukawa jiwe, breki ngumu. Pikapu ikalalia ubavu mtaroni, mlango ukambana mguu wa kulia. Hospitali wameukata juu ya goti.

Ijumaa alirudishwa nyumbani, nikaenda. Nikapiga goti, nikasema, "Kasinge, waitu," kama Koku alivyonifundisha kuamkia wakubwa.

"Inuka, mkwe," akasema. "Wewe una magoti mawili, usiniringie."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, Mama, maana ndiyo kazi yangu kila mahali. Nikaomba kuuona mkanda. Nilipoushika tu, maandishi yakabaki kwenye kidole gumba. Harufu ya kandambili. Nikasema, "Mzee, kwa nini hukuniambia nikununulie?"

"Ungekataa pesa yangu. Binti hujamchukua bado, nianze kukutumikisha? Tena usidhani nilinunua kijinga." Akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoa boksi. "Muuzaji alinipangia matatu. Nikasema nipe hili. Hili limepita mikononi mwa mkwe wangu."

Sahihi yangu, Mama. Na mkia wake.

Ma Adela, mama yake Koku, akaniwahi kabla sijasema kitu. "Maskini, walikuibia. Wameingia gereji wakakuibia maboksi yako."

"Ndiyo," nikasema.

Neno moja tu hilo. Lilitoka lenyewe, laini, kama yale ninayowaambia wateja.

Ta Anatori akavua rozari shingoni. "Basi huyo mwizi, Mungu amkate yote miwili, atambae mpaka Muleba na arudi. Semeni Amina."

Wakasema Amina. Na mimi nikasema, Mama. Kwa sauti. Koku peke yake alikuwa ananitazama. Alishawahi kuuliza ukuta wangu umekwenda wapi, na godoro limetoka wapi, siku ile ile moja.

Kisha mzee akaniwekea kahawa kiganjani, punje mbili, akanifungia vidole. Sijaitafuna. Iko hapa mezani nikikuandikia.

Jumapili baada ya misa nakwenda Izigo kusema. Usikate tiketi. Kama hawatanipiga, watanifukuza, na kama hawatanifukuza itakuwa vibaya zaidi, maana nitamwona akichechemea kila siku ya maisha yangu. Hata vile viti vya harusi ambavyo mjomba fundi seremala alisema atavitengeneza, mwambie aache mbao zikauke.

Nisalimie shangazi mshona nguo, bibi wa kule shambani, na kaka mkubwa mwenye pikipiki. Mwambie kaka spea asinunue kwa kuangalia boksi, wala kwa kuangalia jina la mtu, hata akimjua.

Godoro lako bado lina nailoni yake. Sitalilalia, na wewe nisingetaka ulilalie.

Mwanao,
Festo

Mkia sijauweka.