Nailoni Ninayoifungua kwa Siri

Mshauri mpenzi, baada ya salamu nyingi naomba uniauni, mimi kusoma sikwenda mbali na moyo umechoka. Ni mshona vikuba, vishada vya asumini wanavyobandika wanawake kifuani, hapa Makadara, Mombasa, asumini zangu zimo kwenye madebe juu ya paa la zege, na mwanangu Chirau alikuwa na kazi ya maua huko Naivasha akaachishwa, akarudi kanyamaza, miezi minane hacheki, hata aliposema atajenga nyumba ya nailoni kando ya madebe yangu apande mawaridi ya kuuzia mahoteli nikamwambia jenga baba, jenga. Basi mawaridi yakafanya ukungu, machipukizi yakaoza, naye kila Jumatatu na Alhamisi yuapiga dawa, harufu yanipanda kichwani, nikasema moyoni heri yafe kabisa aache. Akishatoka asubuhi nafungua nailoni pande zote upepo uyamalize, alasiri nafunga. Wallahi mshauri, yakanawiri! Chirau akacheka, "Mama, waiona dawa?" akaizidisha maradufu. Sasa dawa yatoka na upepo yatua kwenye asumini. Juzi mteja wangu Swabaha, ana mtoto wa kunyonya, kaja kifua kimemwiva pale alipobandika kikuba changu, nikamwambia, "Ni joto hilo, mwanangu." Nilimwongopea. Nikisema kweli Chirau atanyamaza tena, nisiposema watu wadhurika. Nifanyeje?

Mama Chirau, Makadara

Mama Chirau, pole, lakini joto gani hilo lichaguao mahali pa kikuba? Leo, kabla hujainjika chungu, nenda kwa Swabaha umwambie kweli, aende kwa daktari yeye na mtoto, na kopo la dawa mlichukue, daktari alione. Maua ya asumini yaliyoko yatupe yote. Madebe yateremshe uani, na usishone kitu mpaka mimea itoe machipukizi mapya.

Ama mawaridi, hukujua ulilolitenda. Chirau amejenga nyumba ya kukinga baridi ya Naivasha, akasahau yuko Mombasa. Nailoni iliyofungwa huku kwetu ni chungu na kifuniko chake: jasho halina pa kutokea, na ukungu wapenda jasho. Upepo wako ndio ulioyaponya, si dawa yake. Basi humnyang'anyi mawaridi, wamnyang'anya kopo tu.

Ukimwambia haya atanuna. Mwache anune, umeshamvumilia miezi minane. Kesho asubuhi usingoje atoke. Mwite, "Chirau, njoo unisaidie," ashike nailoni upande mmoja, nawe ushike wa pili, mfungue pamoja.