Siku Niliyofunga Mlango Isinya

Mjukuu wangu Lemayian, sopa. Kwa ukoo mimi ni nyanya yako, hata kama bado nanyonyesha. Huku Kitengela tuko salama, mtoto ameota meno.

Umeniuliza kama nimewahi kusota, kukosa hata senti. Nimewahi, tukiwa Isinya. Nilifunga mlango mchana, majirani wasijue jiko halina moto. Kifungua mimba wangu alikuwa amelala, hajajua kuongea.

Mama Naserian, jirani, akabisha na maziwa mkononi.

“Mbona unaniita kwa kelele, kuna msiba?”

“Mimi? Sijaita mtu.”

“Umeniita jina langu la usichana. Huku nani analijua?”

Tukageuka ndani. Mtoto alikuwa ameamka, anachekea kona tupu.

Ukisota huko Rombo, ita mtu mwenyewe. Usingoje kitu kingine kikuitie.

Nyanya yako.