Usiipanguse Tena Mizabibu

Baba Mapacha,

~~Leo nalala kwa dada.~~ Naenda dukani kununua dawa ya salfa, nitarudi mchana. Chai iko kwenye chupa. Mizabibu usiiguse mpaka umalize kusoma hapa.

Ule weupe kwenye majani si vumbi, mume wangu. Ni ukungu, ni ugonjwa! Nimekukuta asubuhi unapangusa jani baada ya jani kwa kitambaa kilekile, kama unafuta meza za wageni, kutoka mzabibu wenye ugonjwa hadi ile mizima. Umeigawia yote. Ndiyo maana nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Sasa kata majani yenye unga, uyachome. Futa mkasi kwa spiriti kabla ya kuhamia mzabibu mwingine. Palipobanana punguza matawi, hewa ipite.

Nilianza kuandika kikaratasi hiki nimevimba kwa hasira. Kisha nikakumbuka kwamba tangu tuoane hujaosha hata kikombe, na leo umeamka kabla yangu kunisafishia mizabibu.

Kama hamu ya kusafisha bado ipo, vyombo vya jana viko kwenye karai. Hivyo haviambukizani.

Mkeo, Mama Mapacha