Baba Bado Yuko Ukurasani

Kaka yangu,

Hatujambo, na ile cherehani korofi imepona. Ila unanilaumu bure. Ukurasa wa duka niliubadilisha tulipotoka tu mazikoni, na huku sote tunauona mpya. Hiyo kampuni inayokuuzia intaneti imejiwekea nakala ya zamani, isihangaike kuuchukua upya kila unapoufungua. Ndiyo maana bado unamwona Baba, futi shingoni, na maneno yake, "Karibuni, nipo." Nakala hiyo itaondoka yenyewe.

Nilipomweleza Mama, aliweka pasi chini.

"Kwani na sisi hatuwezi kuhamia kampuni hiyo?"

Nilijifanya natafuta mkasi. Basi usiwapigie simu kulalamika, waache kwanza.

Ni mimi, mdogo wako