Mkubwa Akiinuka

Jumatatu

Mwanangu,

halafu ndipo goti likanikaza, nikainuka kidogo tu nilinyooshe, na wenzangu wote nyuma wakainuka. Salamu nimezisahau, fundi ananikumbusha. Hujambo? Umeamkaje? Mimi mzima, ila hilo goti. Fundi viatu wa hapa langoni pa halmashauri ndiye anayeniandikia, msumari mdomoni, nikisema mbio ananitolea macho.

Wewe ulikuwa dirishani, uliona. Mikeka ikaanza kukunjwa. Bosi wako akatoka na meno yote nje, anatushukuru kwa busara yetu. Nikakaa kama mtu aliyesukumwa. Wakakaa wote. Akarudi ndani na meno yake.

Si unajua tulivyoapa siku ya kwanza: mkubwa kwa umri akiinuka kabla ofisi haijafungwa, wote tumeinuka, madai yamekwisha, asibaki mmoja nyuma akamatwe peke yake. Wazo lilikuwa langu. Nilidhani mkubwa ni yule muuza mkaa jirani yetu, maana amechakaa kunishinda. Kumbe kuniita dada miaka yote hii alikuwa anasema kweli. Sasa mpaka ofisi ifungwe mimi siinuki. Chai siigusi, unajua kwa nini.

Bosi wako alituambia sisi hatukuchaguliwa na mtu, waliochaguliwa ni madiwani. Muuza mkaa akamwambia ndiyo, na waliowachagua ni sisi, tumekuja kuwatazama. Huyu jirani yetu husema polepole, lakini mkwewe ndiye aliyejifungulia nje ya zahanati, kufuli limening'inia, na mtoto hakulia. Tunataka ifunguliwe usiku, basi. Alhamisi madiwani wanakaa, waamue huku wanatuona.

Mbona hata mkono hunipungii?

Mama yako

Jumanne

Shikamoo mama,

Natumaini goti limepoa. Mimi ni mzima. Barua hii anakuletea mfagiaji, kwa sababu tumekatazwa kuzungumza na watu wa nje, hata kupunga mkono.

Jana ulipokaa ulinitazama moja kwa moja dirishani. Bosi aliona. Leo ameniuliza kwa upole kama mama yangu analala vizuri. Mama, bado niko kwenye majaribio, na nyumbani tunakula kwa kazi hii. Nikikuambia uondoke, namkumbuka yule mtoto. Nikikuambia ubaki, naogopa.

Kunywa chai, hata kidogo.

Mwanao

Jumatano

Mwanangu,

marahaba, na uzima wako nimeushukuru. Nimewaambia wenzangu wabaki wamekaa hata nikiinuka. Wamejaribu mbele yangu, nikanyanyua kiuno tu, hao! Wanasema miguu inaondoka yenyewe, watakaaje mimi nimesimama. Na kiapo ni kiapo.

Tukafikiria kumleta yule bibi wa nyuma ya mashine ya kusaga, awe yeye mkubwa. Lakini yule akiona ndege anaruka, anainuka kumfukuza. Tungemaliza madai kwa ajili ya shomoro. Tulicheka, muuza mkaa akafuta machozi.

Kwa hiyo nimebaki hapa. Wewe nyuma ya kioo, mimi kwenye kigoda, na wote wawili tumekatazwa kusogea. Umekula?

Mama yako

Jumatano jioni

Shikamoo mama,

Nimekula, usijali. Sikiliza. Kesho, kabla madiwani hawajaanza kikao, bosi atanituma mlangoni. Hataki askari wala fujo. Amesema, "Wewe mwite tu. Mama gani atamkatalia mwanawe?" Nikikataa, nisirudi tena kazini.

Mama, nitaita. Nisamehe. Nikiita, usiitike.

Mwanao

Alhamisi

Mwanangu,

marahaba. Usiitike, umesema. Fundi amenisomea, nikamwambia asome tena. Nimewaeleza wenzangu na hakuna aliyenilaumu, hilo ndilo lililoniuma. Muuza mkaa amekuja kukaa ubavuni pangu, ameshika pindo la nguo yangu, eti upepo.

Ulikuwa mtoto wa kuita wewe. Ulitumbukia kwenye shimo la wafyatua matofali, mimi niko huko kisimani na kelele zote zile, nikakusikia. Ndoo niliiacha, hata leo sijui aliichukua nani. Nilikuwa na ndoo nzuri, ya bati zito, shangazi yako alinipa nilipo... fundi anasema niende kwenye neno. Neno ni kwamba hujawahi kuniita nikakaa. Sijui watu wanafanyaje.

Madiwani wameingia. Mmoja ametuangalia vizuri, ametuamkia.

Mlango umefunguka. Ni wewe. Viatu vyako vimekwisha visigino, fundi naye ameona. Umesimama tu. Vizuri, simama hivyo hivyo. Bosi yuko nyuma yako. Usiite, mwanangu. Geuka tu urudi ndani.

Umeita.

Naam. Naam, mwanangu, nakuja. Fundi, weka kalamu unishike hapa kwenye kiwiko, goti limekufa. Na wewe, mdogo wangu, niachie nguo.