Kidakatonge Alikuwa Chwaka

Dada yangu mpenzi,

Mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kuwa barua huanza na anwani, juu, mkono wa kulia, na chini yake tarehe. Hapo nimepaacha patupu. Sikuandika mtaa wetu wala jina lako, wala mji ambamo Mama anasema umo, kama kweli ulifika. Yupo mtu mwenye safari aliyekubali kuichukua karatasi hii. Akipekuliwa njiani, na karatasi ikasomwa juu juu, nataka aonekane amebeba barua ya mtoto wa skuli anayemweleza dada yake habari za mchezo wa raunda, wa kupiga mpira kwa kigongo na kuzunguka nguzo. Kwa hiyo nitakueleza habari za raunda, na hayo mengine nitayasema bila ya majina. Hati yangu utaiona mbaya. Naandika haraka.

Unakumbuka uani kwetu, nyuma ya birika la maji, uliponifundisha kudaka? Nilikuwa mdogo, hata skuli sijaanza. Uliurusha mpira wa matambara, nami nikauendea mikono mbele kama anayefukuza kuku, ukanipiga puani. Ulicheka mpaka ukakaa juu ya ndoo. Kisha ukanifuta kwa upindo wa kanga, ukaniambia, "Mpira hauendewi mbio. Unapokewa. Ukija, rudi nao nyuma kidogo, kama uliyepewa yai."

Kuupokea nikajua. Kilichonishinda kwa muda mrefu ni kukaa nao mkononi. Kila nilipodaka nilirusha papo hapo, popote, kwa kuwa wenzangu walikuwa wanapiga kelele. Siku ya mashindano pale Mnazi Mmoja ndipo nilipoelewa. Wewe ulikuwa mrushaji. Yule msichana mrefu wa skuli ya pili alikuwa amefika nguzo ya tatu, amebakisha moja tu amalize mzunguko, na sisi sote tunakulilia, "Rusha! Rusha!" Hukurusha. Ulisimama ndani ya kiboma chako cha chokaa, mpira umeubana kifuani, ukimtazama. Na sheria ndiyo hiyo: mpira ukiwa mkononi mwa mrushaji ndani ya kiboma chake, hapana mkimbiaji anayeruhusiwa kuondoka kwenye nguzo. Akabaki pale amekunja goti. Ulingoja mpaka wenzako wote wamerudi mahali pao, ndipo ukarusha, na tukashinda. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilikuuliza hukuzisikia kelele zetu? Ukasema, "Wanaopiga kelele hawana mpira. Mpira ninao mie."

Hata asubuhi ile uliyoondoka ulikuwa hivyo hivyo, kimya. Wiki hiyo yule mkubwa wa serikali alikuwa amekuletea posa, na dereva wake alikaa barazani kwetu, bunduki mapajani, huku Baba akimimina kahawa. Hatukuulizwa tunasemaje. Tuliambiwa siku ya harusi. Ukavaa buibui la Mama, ukauweka mpira wako wa ngozi ndani ya kidaka cha ukutani, juu ya kitanda changu, ukaniambia, "Nnakwenda Chwaka kumuuguza bibi. Mtu akikuuliza, niko Chwaka." Nikasema naam.

Tangu siku hiyo uko Chwaka. Nimelisema neno hilo kwa jirani, nimelisema kwenye foleni ya mchele, nimelisema skuli, mpaka wakati mwingine nahisi harufu ya samaki wa kule. Baba amekwishaitwa kwenye tawi la chama mara mbili. Mara ya pili alirudi magharibi, hakula, akaniomba maji, na kikombe kikawa kinagonga meno yake. Mama alinivuta jikoni akaniambia nifahamu vizuri: siku watakayojua kuwa umevuka bahari, Baba ataitwa mara ya tatu na hatutamuona tena.

Sasa raunda. Skuli nako watu wamepungua. Kila tunapofungua, viti vingine havina wenyewe, na hapana anayeuliza. Bi Zuwena, ambalo si jina lake, mwalimu wetu wa michezo, aliniita baada ya mazoezi.

"Wewe ndiye mrushaji wetu," akasema. "Nyuma yako yupo nani?"

Nikaanza kutaja majina, na kila nililotaja lilikuwa la mtu aliyekwishaondoka. Bi Zuwena akanisimamisha kwa kiganja.

"Basi kawatazame wadogo. Warushaji tunao wangapi, wadakaji wangapi. Wakimbiaji usinitajie, hao hawatupungukii. Mie nataka nijue, wewe ukiondoka kesho tunabaki na nini."

Alisema "ukiondoka kesho" kama watu wanavyosema tu. Mie nililisikia vingine.

Nikawa nakaa kila alasiri kwenye ngazi za uwanja kuwatazama. Dada, tuna hali mbaya. Yupo mmoja ana nguvu za kupasua dafu, lakini hurusha macho kafumba, na siku ya pili Bi Zuwena mwenyewe alikimbilia nyuma ya ukuta. Mwingine anarusha vizuri sana mradi usimtazame. Wadakaji ndiyo usiseme. Mpira ukija wanajifunika uso kwa mtandio, kama ameingia mgeni mwanamume. Nilitaka kucheka, lakini nilikuwa nawaza kuwa hapana kitu nyuma yangu.

Kisha nikamwona mtoto mmoja mwembamba, amekaa chini, wenzake wanamrushia njugu mdomoni. Kushoto, kulia, juu, haikuanguka hata moja. Walikuwa wanamwita Kidakatonge, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Nami nitamwita hivyo hivyo humu. Nikachukua mpira, nikamtupia bila ya kumwambia, tena kwa nguvu. Akaudaka kwa mkono mmoja, akarudi nao nyuma kidogo. Kama yai. Nikahisi nakuona wewe.

"Nani kakufundisha?"

"Baba. Akirudi tawini hunirushia machungwa. Nikiangusha, hanipi."

"Tawi gani?"

"Si hili la mtaani kwenu?" akajibu, na kutafuna njugu yake.

Dada, nikaja kujua kuwa baba yake ndiye anayemwita Baba yetu tawini. Ndiye mwenye kofia ya mkeka aliyekuja baada ya wewe kuondoka, akaketi kwenye kiti chako, akatazama kila pembe ya ukumbi wetu.

Nilipokwenda kwa Bi Zuwena sikumtaja. Lakini Bi Zuwena ana macho. "Na yule mdogo wa njugu?"

"Mdogo sana, Bibi."

"Nimekuuliza umri wake?"

"Hapana, Bibi."

"Anadaka, hadaki?"

"Anadaka."

"Kesho msimamishe nyuma ya mpigaji."

Wewe unajua maana yake. Mdakaji wa nyuma ya mpigaji na mrushaji hutazamana alasiri nzima. Nikirusha, namtazama yeye. Akinirudishia, ananitazama mie. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka kwa kuuzuia uso wangu tu. Siku moja tulikuwa tunaokota mipira, mie na yeye, akaniambia kama anayesema habari za mvua:

"Dada, mie skuli ilipofungwa nilikuwa Chwaka, kwa nyanya."

Nikainama nikajifanya nafunga kiatu.

"Bibi yenu si yule mwenye kuku weupe, karibu na msikiti? Kila siku nilikuwa nakwenda kununua mayai kwake." Akaudundisha mpira. "Anakaa peke yake."

Alinirushia mpira, nami, mdogo wako uliyemfundisha mwenyewe, nikauacha ukanipita ubavuni.

Siku zile sikuweza kurusha. Mipira ilikwenda juu ya kichwa cha mpigaji, mingine ilianguka miguuni mwangu. Hapa mjini siku hizi wanasema fulani "anadaka maneno", yaani hukaa kando akisikiliza, kisha akayapeleka anakopeleka, na watu wakimwona hubadilisha mazungumzo wakasifia hali ya hewa. Nilivitazama viganja vya mtoto yule, nikawaza kuwa ameletwa makusudi. Mama sikumwambia. Mama halali tena, nikimwongezea hili atakwisha. Nikawa nikisikia hatua za mtu kichochoroni nahesabu pumzi mpaka zipite mlango wetu.

Baba yake alikuja uwanjani siku ya Alhamisi. Nilimwona kwa mbali na kofia yake, anatembea taratibu, mfuko wa koti umevimba kwa chungwa. Nikampa mwenzangu zamu ya kurusha. Nikaenda nikamwamkia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe si mdogo wake yule aliyekwenda Chwaka?"

"Naam, ndimi."

"Bado anauguza?"

"Bado, Mzee."

"Ugonjwa mrefu huo," akasema, akatabasamu. Hakutazama uso wangu, alitazama mikono yangu. Kisha akageuka. "We! Njoo hapa. Si ulikuwa Chwaka kwa nyanyaako? Dadake huyu hukumuona?"

Kidakatonge alikuwa ndiyo kwanza amedaka. Wakimbiaji walikuwa wamekwishaanza kukimbia, na wa upande wetu wanampigia kelele, "Rusha, we! Unangoja nini? Rusha!" Yeye akaja mpaka tuliposimama, mpira kaubana kifuani. Akamtazama baba yake. Mie sikuona kitu kingine uwanja mzima ila vile vidole vyake juu ya mpira.

"Mie, Baba? Si niliumwa na jino! Sikutoka hata uani."

"Jino?"

"Jino. Nililia mpaka paka wa nyanya akahama."

"Ala! Na mie mbona sikuambiwa?"

"Ungeambiwa ungeninyima machungwa."

Baba yake alimtazama mdomoni, akanitazama mie, akamtazama tena mtoto wake. Akatoa chungwa, akalirusha juu kwa ghafla, kwa upande, kama anayemjaribu. Kidakatonge hakuuacha mpira. Alilidaka chungwa kwa mkono wa pili. Mzee akacheka, akaenda zake. Sijui kama aliamini. Dada, kweli sijui.

Alipopotea nyuma ya ukuta nilikaa chini pale pale kwenye majani. Kidakatonge akakaa karibu yangu akimenya chungwa.

"Lilikuuma jino gani?" nikamuuliza.

"Jino gani?" Akacheka, mwanya wazi, juisi inamtiririka kidevuni. Kisha akaacha kucheka, akasogea mpaka goti lake likagusa langu. "Dada, nsiseme, eh?"

"Usiseme."

"Nshasahau," akasema, na akanipa nusu ya chungwa.

Nilikula nikilia, naye akajifanya haoni.

Jioni ile nilimwambia Bi Zuwena, "Mdakaji tunaye." Akaniuliza na mrushaji wa nyuma yangu je. Nikamwambia nitamfundisha huyo huyo. Bi Zuwena alinitazama kidogo, akasema, "Mfundishe upesi." Hakunieleza kwa nini upesi, na mie sikuthubutu kuuliza.

Usifikiri sasa nimetulia. Zamani nilikuwa namwogopa mtoto huyu, sasa namwogopea. Ni mdogo, Dada. Bado anaota meno. Akiulizwa mara moja amejibu jino, akiulizwa mara ya pili atajibu nini, na atakayemuuliza ndiye anayempa chungwa kila siku. Na gari ya Chwaka huondoka kila asubuhi. Mzee yule akiamua kwenda mwenyewe kununua mayai, hapana jino litakalotusaidia. Nikiiwaza gari hiyo usiku na mchana natamani iharibike. Lakini kila alasiri nikisimama kwenye kiboma changu nikimwona kule nyuma ya mpigaji, viganja wazi, mkono wangu unatulia, na mpira unakwenda ninakotaka. Ni muda mfupi tu, ila upo.

Mpira wako wa ngozi nimeutoa kidakani. Nilidhani nitakuwekea mpaka urudi. Nimempa yeye aufanyie mazoezi, maana mpira wa kukaa ukutani haumfundishi mtu. Alipoupokea alirudi nao nyuma kidogo.

Ukiipata karatasi hii usijibu kwa maandishi. Mwambie huyo aliyekuletea, akirudi salama, apite kwa Mama amwambie kuwa Chwaka mvua imenyesha. Hayo tu. Mama atauliza, "Nyingi?" Naye ajibu, "Ya kutosha." Tutajua kuwa ulifika, kuwa unakula na unalala. Kila sala Baba anakaa juu ya msala muda mrefu kuliko zamani, na najua anayemwombea.

Mlango unagongwa polepole, ni huyo mwenye safari, Mama amemjua kwa kikohozi chake. Lazima nikunje. Hapa niliposimama sikuoni, Dada, wala sijui kama huko mbele kuna mikono. Narusha hivyo hivyo.

Daka.

Mdogo wako,
uliyempiga mpira wa pua