Halbadiri Isomwe Nusu

Mpendwa Bi Khairiya,

Baada ya salamu nyingi na kukutakia afya njema, naomba unisaidie maana nimefika pahala sina pa kushika, na tafadhali jina langu usilitoe gazetini kwani mimi ni mwalimu mkuu wa skuli moja huku upande wa Wesha na nina heshima zangu.

Jambo lenyewe ni kwamba siku tuliyofungua skuli baada ya Idi tulikuta darasa la saba limeharibiwa, madeski yamechongwachongwa, ramani ya dunia imepasuliwa toka juu mpaka chini, na kiti changu, Bi Khairiya, kiti cha mikono kilichosukwa kwa henzerani, nilicholetewa kutoka Unguja na hakuna mwalimu mwengine huku mwenye mfano wake, kimekatwa kwa chini kiasi kwamba ukikitazama juu ni kizima, nami bila ya kujua nikakikalia mbele ya darasa na kikombe cha chai mkononi, nikazama mpaka kwapani, miguu juu, chai kifuani, watoto wakacheka, na aliyecheka kuliko wote ni Jaribu, mtoto wa Bi Kijakazi, mjane wa hapa kijijini. Nikaamrisha apekuliwe, na mkobani mwake kikatoka kisu kimefungwa kwa kipande cha gunia.

Nilimuuliza kisu cha nini akasema, "Mwalimu, kisu kyangu ni kya kupaa samaki, n'kitoka skuli nenda pwani kumsaidia mama," na kweli kilikuwa na magamba, lakini silaha ni silaha, na ingawa alikana kabisa kuharibu kitu nilimchapa mstarini mbele ya skuli nzima nikamfukuza, na kamati ya wazee ikaniunga mkono, mwenyekiti wetu Mzee Kificho akasimama akasema skuli si machinjioni, mtoto wa kubeba visu afutwe jina kabisa.

Sasa ili nisije nikasemwa kuwa sikuchunguza, nikatangaza kuwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri itasomwa Halbadiri pale pale skuli ili aliyeharibu mali ajulikane na apatilizwe, na Mzee Kificho akaitikia kwa nguvu kuliko wote, "Isomwe! Tena isomwe yote, imshukie mwenye kufanya na nyumba yake!" akaahidi na mbuzi. Basi kijiji kizima kikataharuki, mwenye kuumwa na jino akatazamwa vibaya, jirani yangu kafiwa na kuku akamzika kwa siri, na Jumatano akaja kwangu kwa mlango wa jikoni Bi Mwanapili, mke wa mwanawe Mzee Kificho, akamwambia mke wangu Mwanawema huku analia, "Mwambie mwalimu isisomwe, bibi we, Khatib wangu hali kyakula siku ya pili hii, homa haimwachi, keshanambia yote." Huyo Khatib ndiye mjukuu wa Mzee Kificho, na hayo yote aliyoyasema ni kuwa madeski, ramani na kiti kaviharibu yeye kwa jambia la babu yake.

Hapo sina budi nikueleze kuwa hilo jambia nalijua, maana siku chache kabla ya Idi nilimkuta Khatib nalo kiunoni ndani ya kanzu, lina mpini wa fedha, anawaonyesha wenzake, nikalitwaa nikalifunga kwa kitambaa safi nikalipeleka mwenyewe kwa Mzee Kificho, tukanywa kahawa yakaisha, kwa kuwa jambia si kisu, ni pambo la heshima la watu.

Kesho yake akaja Mzee Kificho mwenyewe, akakaa, akasema, "Mwalimu, mie n'naona isomwe nusu." Nikamuuliza nusu vipi, akasema, "Isomwe mpaka pahala pa dua, pale pa kuapiza tuparuke, halafu tule. Na yule mtoto wa Kijakazi keshatoka, mwache huko huko. Ukimrejesha watu watauliza, basi alofanya nani?"

Halbadiri nimeiahirisha kwa kisingizio kuwa shehe ana kikohozi, lakini shehe anaonekana kila siku barazani hakohoi, na kiwanja cha skuli alikitoa wakfu Mzee Kificho, akiudhika anaweza kukitaka, au akaniombea uhamisho nikapelekwa mbali huko Msuka, na Jaribu mtihani wa kuingia sekondari umemkaribia, kamati ikikaa tena jina lake litafutwa na mtihani hataufanya, na mama yake kila asubuhi huja akakaa barazani pa skuli na mkoba wa mwanawe magotini, nami siku hizi naingilia mlango wa nyuma. Nifanyeje?

Wako,
Mwalimu mwenye dhiki

JAWABU

Mwalimu wangu,

Umeniomba nisitoe jina lako na sikulitoa, tena majina yote humu nimeyabadilisha. Kiti nimeshindwa kukibadilisha. Pemba nzima mwalimu mkuu aliyezama kitini na chai yake ni mmoja, kwa hivyo watu wakikutazama sana sokoni Chake usinilaumu mimi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Madeski ya watoto umeyataja kwa haraka haraka, ramani vivyo hivyo, na kiti umekililia kama maiti. Halafu darasa zima lina mikoba, wewe umepekua mkoba mmoja, wa yule aliyecheka sana. Jaribu hukumchapa kwa kisu, bwana, umemchapa kwa kicheko. Na mimi ningalikuwapo ningalicheka kumshinda yeye, ungalinipekua ukanikuta na kisu cha kukatia popoo, sijui ungalinifukuza niende wapi.

Eti silaha ni silaha. Kisu chenye magamba ya samaki kimemtoa mtoto skuli, jambia lenye mpini wa fedha limefungiwa kitambaa safi likarudishwa kwao kwa kahawa. Hebu nieleze, mtu akichomwa kwa pambo la heshima hafi? Ulipolirudisha kimya kimya ulimfundisha Khatib kuwa yeye hakatazwi kitu, na mtoto akalishika somo vizuri, akaja akalifanyia mazoezi kwenye kiti chako.

Kisha Halbadiri. Mimi mtu wa Shumba, nimezaliwa nikaikuta inasomwa, naiheshimu, na ndiyo maana nimeona haya kwa ajili yako. Hukumuuliza mtoto hata mmoja nani alionekana skuli siku za Idi. Jambia ulikwisha kulishika kwa mikono yako mwenyewe siku chache kabla. Ukaona tabu kumwita mjukuu wa mwenyekiti, ukataka watu wa Badri wanaotajwa katika kisomo hicho wakufanyie kazi ya monita wa darasa! Na huyo mzee wako anayetaka nusu, amenichekesha mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kuapiza anataka nusu, wali na mbuzi anataka vyote.

Najua unaogopa, na kwa hilo sikucheki. Mwalimu wa kijijini akigombana na mzee wa pale hata maji ya kunywa humwia machungu. Lakini kiwanja umesema mwenyewe kuwa ni wakfu. Mzee Kificho akikudai, mpeleke kwa huyo huyo shehe asiyekohoa amuulize kama wakfu hurudi kwa mwenyewe akikasirika. Na Msuka unakokuogopa kuna watoto, kuna skuli, na naamini viti pia vipo.

Basi sikiliza. Kesho asubuhi pita mlango wa mbele. Mwamkie Bi Kijakazi, mwombe radhi yeye kwanza, kisha mwingize mwanawe darasani wewe mwenyewe. Mstarini, pale pale ulipomchapa na kwa sauti ile ile uliyomfukuzia, waambie watoto kuwa Jaribu hakuharibu kitu na kwamba ulimwonea. Utaona aibu. Yeye aliiona na hakuwa na kosa. Kisu chake kikae kwa mama yake huko pwani, akifuate akitoka, na tangu siku hiyo chuma chochote chenye makali kisivuke mlango wa skuli, kiwe cha samaki au cha sherehe. Na siku mkilima bustani ya skuli, mapanga yawe kwako chini ya ufunguo.

Khatib usimfukuze. Katika watu wote wa barua yako, aliyekosa usingizi kwa kosa lake ni huyo mtoto peke yake, nyinyi wakubwa mnalala na kula. Kwa fimbo ya henzerani usimpige, mkono wako una kisasi cha kiti. Homa ikimtoka, akae na fundi seremala kila akitoka skuli, ayapige randa madeski yote na kuyapaka rangi mpaka yaishe, ramani aichore upya kwa mkono wake, na aseme mwenyewe mbele ya wenzake, Jaribu akiwa anamsikia, kuwa ni yeye. Siku kamati ikikaa juu ya jambo hilo, babu yake abaki nyumbani, kwani hakuna anayehukumu mjukuu wake akaacha kumpendelea. Kama umekwisha andika barua ya kumfuta Jaribu, ichane. Ikiwa imekwisha kwenda ofisini, ifuate kwa miguu yako kabla ya mtihani.

Kiti chako nacho achana nacho. Fundisha umesimama, itakufaa kwa muda.

Na Halbadiri, mkitaka kuisoma, someni baada ya hayo yote, na mbuzi mle. Kabla ya hapo usithubutu, nusu wala robo. Maana Khatib amekwisha sema, mama yake amekwisha sema, na anayeijua kweli leo akaifungia ndani ni wewe. Ikisomwa kabla ya hayo haitakwenda kwa Mzee Kificho, mwalimu. Itaujia mlango wako wa jikoni.

Bi Khairiya